Vigelegele Katikati ya Risala

Mtaani kwetu Mtoni, msoma risala ni mimi. Sikuiomba kazi hii. Nilipewa nilipohamishiwa kufundisha shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani, mwenyekiti wa mtaa alipogundua kuwa nina vitu viwili ambavyo msomaji wa zamani hakuwa navyo: mwandiko unaosomeka na pumzi ya kufika mwisho wa sentensi. Tangu hapo hakuna mgeni wa maana aliyekanyaga mtaa wetu bila kusomewa na mimi. Nimewasomea madiwani, nimewasomea mabwana afya, na siku moja nilimsomea mtu aliyekuja kupima mtaro tu. Maskini, alikaa akanisikiliza mpaka mwisho kwa kuwa hakujua namna ya kutoroka.

Anayedhani risala ni maneno tu hajawahi kuandika risala. Unaanza kwa kumshukuru Mungu, kisha unamshukuru mgeni kwa kuacha majukumu yake mengi, ilhali majukumu yenyewe ndiyo haya. Yanafuata mafanikio, hata kama itabidi uyatafute kwa tochi. Halafu changamoto, na ole wako uandike "matatizo", mwenyekiti atakurudishia karatasi. Mwisho kabisa maombi, machache, yenye adabu, yasiyomtoa mtu jasho. Kurasa mbili, basi. Wageni wenyewe wameshaizoea. Nimewahi kumwona mmoja akitikisa kichwa kukubali sentensi ambayo sijaifikia bado.

Na risala kavu haisomwi. Lazima iwe na vigelegele, na hapo ndipo anapoingia mama yangu mzazi.

Mama ni mzaliwa wa Kunduchi. Alikulia kwenye mnada wa samaki, mahali ambapo mwenye sauti ndogo anarudi nyumbani na kapu tupu. Ndiye kiongozi wa kikundi cha kina mama cha mtaa, na kigelegele chake ukikisikia kwa karibu utaziba sikio. Tatizo lilikuwa kwamba kina mama hukaa nyuma ya maspika, na ukiwa nyuma ya spika husikii maneno, unasikia ngurumo. Mwanzoni walikuwa wakipiga vigelegele ovyo. Kwa hiyo tuliwekeana alama: nikiinua macho kutoka kwenye karatasi, wapige, nikiyarudisha chini, wanyamaze. Ilifanya kazi vizuri mno. Nilikuwa nikijiona kama dereva mwenye honi. Sentensi ya kawaida kabisa kuhusu choo cha shule, nainua macho, na watu wanashangilia mpaka mgeni anaona haya. Kusema kweli niliringa sana kwa ajili ya macho yangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye kipindi cha ule ugonjwa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine mstaafu, na alikuwa mtu wa kutii tangazo. Redio ikisema mvua, anabeba mwavuli jua likiwaka. Iliposema tunawe mikono, aliweka ndoo yenye koki getini kwetu, juu ya kigoda alichokipigilia misumari mwenyewe, na akajiteua kuwa mkubwa wa ndoo. Hakupita mtu. Muuza mchicha alinawa. Mashangazi waliokuja kusuluhisha ugomvi walinawa, wakasahau ugomvi. Wakwe zangu walifika siku moja na nguo zao nzuri, akawasimamia akihesabu kwa sauti mpaka ishirini, na hesabu ilipofika kumi na tano mkwe wangu wa kiume akajifuta, Baba akamwambia, "Mzee mwenzangu, anza upya."

Ndani nako Mama alikuwa na idara yake. Alichemsha majani ya mwarobaini, malimau na mchaichai kwenye sufuria la pilau, akatufunika blanketi mmoja mmoja tujifukize. Baba alikuwa akipiga kelele mle ndani, "Mnanichemsha kama muhogo!" na Mama anamjibu, "Tulia uive." Tulicheka sana kipindi kile. Watu wakisikia hivyo wanashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tuliogopa na tulicheka, vyote kwa pamoja.

Halafu alikuja mheshimiwa waziri. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, nami nilisoma risala ya kushukuru kwa elimu ya kujikinga. Aliposimama, alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Alisema huku kwetu ugonjwa umekwisha, watu wachape kazi, na hizi ndoo za kutisha wageni ziondolewe milangoni. Kina mama walipiga vigelegele bila hata kungoja macho yangu. Jioni ileile Baba aliibeba ndoo yake akaiingiza ndani. Nilimuuliza kwa nini asiiache tu, haimzuii mtu kitu. Akanijibu, "Waziri kasema. Wewe unajua kuliko waziri?"

Wiki chache baadaye alianza kukohoa. Siku ya nne tulimpeleka hospitali, siku ya saba tukaambiwa amefariki kwa shida ya kupumua, na hakuna aliyetuambia shida hiyo imetoka wapi. Tulimzika haraka, tukiwa wachache, wanaume wamesimama mbali mbali kama wasiojuana. Majirani walitupa pole kutokea nje ya geti. Mama alikaa eda katika nyumba iliyokuwa kimya, yeye aliyezoea nyumba za misiba zinazojaa watu mpaka barazani. Niliumia, na sitaki kusema niliumia halafu nikapona. Bado.

Miaka ilipita, uchaguzi ukakaribia. Wakabandika daftari la wapiga kura kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa ili kila mtu akague jina lake. Mama hajawahi kukosa kura tangu awe mtu mzima. Siku ya kupiga kura huvaa kama anakwenda harusini na huwahi kituoni kabla ya wasimamizi. Tulikwenda wote wawili. Nikatafuta jina langu, nikaliona. Nikatafuta la Mama, sikuliona. Nikarudia kwa kidole, mstari kwa mstari kama ninavyowafundisha darasa la pili. Mama akaniambia, "Ngoja. Huyu si baba yenu?"

Alikuwa yeye. Jina lake kamili, na picha yake ya kukunja uso, ile aliyopigwa huku akimfundisha mpiga picha kazi.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Ala! Kwa hiyo yeye ndiye mzima, mie ndiye marehemu?" Watu waliokuwa pale nao wakacheka. Kisha akaingia ndani kwa karani na kadi yake ya kupigia kura, aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili. Karani alikuwa kijana mpole. Alimwambia kwamba kumfuta marehemu kunawezekana, lakini kumrudisha aliye hai ni suala la mfumo, na mfumo uko ngazi ya juu.

"Juu wapi?" Mama akauliza.

"Juu tu, mama. Wizarani huko."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani hakucheka tena. Tulipokaribia geti akasimama akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisahau. "Mie sijui kuandika barua kwa wakubwa. Lile swali langu, la nani alimwambia yule bwana ugonjwa umekwisha, miaka yote nimelibeba hivihivi. Nikasema nitaliuliza kwenye sanduku la kura. Sasa na sanduku wameninyima."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa niliposikia kwamba mheshimiwa yuleyule, ambaye sasa alikuwa na wizara nyingine, anakuja kwetu kuhamasisha wananchi wakapige kura. Mwenyekiti akaja mbio nyumbani kwangu kuagiza risala. Niliandika usiku mmoja na asubuhi nikampelekea. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya changamoto, niliandika habari za Mama na Baba kwa sentensi mbili tu, zenye adabu, hata Baba angezikubali.

Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akavaa, akaniomba peni yangu nyekundu. Peni yangu mwenyewe! Akazikata sentensi zote mbili kwa mstari ulionyooka vizuri, na pembeni akaandika: "Tunaishukuru serikali kwa kuboresha daftari."

"Mwalimu," akasema, "mie naelewa. Mzee alikuwa rafiki yangu, si unajua. Lakini mgeni hapewi maji ya moto."

"Na maswali ya wananchi je?"

"Muda hautoshi."

"Mkutano hata haujaanza."

"Ndiyo maana najua mapema."

Hapo ningepaswa kumrudishia risala yake akaisome mwenyewe. Sikufanya hivyo. Nilisema sawa. Mimi ni mkali mbele ya watoto arobaini na sita, lakini mbele ya mtu mzima mmoja mwenye miwani na muhuri huwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nilimweleza Mama kuwa nilijitahidi. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda kufanya mazoezi ya vigelegele na wenzake. Ile "haya" ilinikera kuliko kama angenitukana.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ulijaa, mahema yamefungwa, viti vya plastiki kwa sisi na sofa kwa mgeni, sofa lililoazimwa kwa mwenyekiti na bado lina kitambaa cha kufuma mgongoni. Mheshimiwa alikuwa ameongezeka mwili na kupungua nywele. Kina mama walikaa nyuma ya maspika, sare zao za kitenge zinang'aa. Mama alikaa mbele yao, ubavuni kabisa, pale ambapo ngurumo haifiki na maneno yanasikika.

Nilianza. Mungu akashukuriwa, mgeni akashukuriwa, majukumu yake mengi yakahesabiwa. Nainua macho, vigelegele. Mafanikio, macho, vigelegele. Kila kitu kilikwenda kama kimetiwa mafuta. Nikageuza ukurasa wa pili, nikaiona ile mistari myekundu, nikaacha kusoma.

Sijui niseme ni ujasiri. Sidhani. Ilikuwa hasira iliyochelewa, ya kuona peni yangu mwenyewe imetumika kumfuta baba yangu. Nikaliacha neno la mwenyekiti na kusema yaliyokatwa. Na kwa kuwa nilikuwa nasema kutoka moyoni, si kwenye karatasi, niliinua macho nimtazame mheshimiwa usoni.

"Mheshimiwa, ulipokuja mara ile ulituambia ugonjwa umekwisha, tuondoe ndoo. Baba yangu aliondoa ndoo yake siku ileile, na baada ya wiki chache tukamzika."

Kina mama wakapiga vigelegele.

Walipiga vizuri kuliko siku zote, virefu, vya pande mbili, kama bwana harusi kaingia. Wengine walisimama wakapunga vitambaa. Mheshimiwa, ambaye alikuwa anasoma simu yake, akainua kichwa, akatabasamu na kupiga makofi. Upande wa mbele, waliosikia, walikuwa wamepigwa na butwaa. Mzee mmoja alishika kichwa. Mimi nilisimama pale na kipaza sauti, nikajua kosa liko wapi, lakini ukishajua kosa liko machoni mwako utayapeleka wapi macho? Nilipaswa kuyashusha. Badala yake nikaongeza, bado nikimkazia mheshimiwa macho, "Leo marehemu yumo kwenye daftari la wapiga kura, na mkewe aliye hai hayumo!"

Vigelegele tena. Na ngoma ya kikundi ikajibu.

Mheshimiwa akasema, bila kipaza sauti lakini tukamsikia, "Hongereni sana."

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, na nadhani nilifanya vyote viwili. Mwenyekiti alikuwa tayari ananijia, mkono mbele, kuchukua kipaza sauti. Lakini Mama alisimama kabla yake. Aliwageukia wenzake, akainua kiganja, na vigelegele vikakatika papo hapo. Kisha akatembea taratibu mpaka mbele ya sofa.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema.

Na mheshimiwa, kwa mazoea ya kuamkiwa na kila mtu, macho yakiwa yamesharudi kwenye simu, akajibu, "Marahaba, marahaba."

Uwanja mzima ukaguna. Kwetu mtu anaweza kuchelewesha barabara miaka kumi akasamehewa, lakini kuitikia marahaba kwa mwanamke mwenye umri wa kumzaa, hadharani, ni aibu isiyo na kanzu ya kuifunika. Mheshimiwa akaisikia miguno, akatazama, akaona mvi. Akasimama wima upesi mpaka kitambaa cha sofa kikamfuata mgongoni.

"Samahani sana, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema. "Sasa ndiyo tunaweza kuongea. Kaa."

Akakaa. Nawaambieni, alikaa. Mwenyekiti naye akakaa, ingawa hapakuwa na kiti.

Mama akarudia yale niliyosema, kwa sauti ya mnadani, bila kipaza sauti, na safari hii kila mtu alisikia, hata walio nyuma ya maspika. Niliona nyuso za kina mama zikibadilika moja baada ya nyingine walipoelewa walikuwa wameshangilia nini. Mmoja alijifunika uso na kitambaa chake. Kisha Mama akauliza swali lake.

"Nani alikuambia umekwisha?"

Mheshimiwa alikohoa. Alisema pole. Alisema kipindi kile kilikuwa kigumu kwa taifa zima, na kwamba suala lake wamelipokea na watalifanyia kazi.

"Mie sijakuomba kazi, baba. Nimekuuliza nani alikuambia."

"Mama, zile zilikuwa taarifa za jumla..."

"Za nani?"

Nilimwona mheshimiwa anamtazama msaidizi wake, na msaidizi anatazama viatu. Akamrudia Mama. Sijui ni nini kilimpata, labda ile shikamoo ilikuwa bado inamchoma, labda ana mama yake mahali. Akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna aliyeniambia, mama. Niliona watu wamechoka. Nikaona niseme neno la kufurahisha."

Mama alitikisa kichwa mara kadhaa. "Ahsante," akasema. "Miaka yote hii nilidhani labda kuna mtu alikudanganya."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo iliyomwumiza yule bwana, nilimwona. Akainuka na kuanza kutoa amri kwa haraka, kama wafanyavyo wakubwa wanapotaka kupumua: mtendaji ahakikishe mama huyu anarudishwa kwenye daftari kabla ya Ijumaa. Mama akamkatiza, akawageukia wananchi. "Na nyie mliokosa majina, mnakaa mnanitazama mie? Simameni awaone." Wakasimama, hapa mmoja, pale watatu, mwalimu mwenzangu mmoja ambaye hakuwahi hata kuniambia, muuza mkaa, mzee wa msikitini. Mheshimiwa akawatazama, akasema, "Na hao wote." Hakuhutubia tena siku ile. Sikumaliza risala pia, na hakuna aliyeulizia.

Alhamisi yule karani mpole alikuja nyumbani kwetu na mashine yake begani, akiwa na jasho la nyumba nyingi. Akampiga Mama picha, akachukua alama za vidole, akampa kadi mpya. Mama akaikagua mbele na nyuma, akaitia kwenye nailoni. Nilimtania kwamba sasa amefufuka. Akanijibu nisilete mambo ya kanisani.

Ikabaki kazi ya Baba. Karani akatoa fomu ya kumwondoa marehemu, akaijaza mwenyewe, jina, mtaa, kituo. Akafika kwenye sababu ya kumwondoa, akaandika "kifo", akamgeuzia Mama aweke dole gumba.

Mama hakuweka. Aliuliza kama palipoandikwa kifo pana nafasi tena mbele yake.

"Ipo kidogo, mama."

"Basi ongeza hapo. Andika: aliambiwa ugonjwa umekwisha."

Karani alinitazama mimi, mwalimu, aone kama anataniwa. Sikumsaidia. Akasema taratibu, "Mama, kisanduku chenyewe ni kidogo."

"Andika kwa herufi ndogo."

Aliinama akaandika, akipinda mkono ili maneno yasitoke nje ya mstari. Alipomaliza, Mama alinipa ile fomu nimsomee. Nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno, macho yangu yakiwa kwenye karatasi tu, kwa sababu nilijua nikiyainua nitalia. Akauliza kama kuna kosa. Nikamwambia hakuna, ni sawasawa. Ndipo akabonyeza kidole kwenye wino na kukiweka pale, akakikandamiza kwa muda mrefu.